Pete Mbili

Ghorofa ya nne, Kabete, mvua ya Aprili.
Mutheu ameinamia hadubini:
mfupa wa sikio, mdogo kama chenga ya mchele,
una pete mbili.
Zamani tulihesabu tisa.

Gayogayo, uliyelala ubavu
hata jicho moja likamhamia mwenziwe,
macho yote juu,
na wavu ukapita chini.

Mezani wanavutana kwa tani.
Chengo ataka mia, Nyaboke sabini.
"Andikeni sifuri," nasema. "Miaka mitano."
Chai inapoa.

Jioni, sokoni Muindi Mbingu, juu ya barafu,
nakuta mmoja, mpana kama kiganja cha mtoto.
"Mtamu huyo, mama."
Natoa rula mkobani.
Hajawahi kutaga.

Namnunua hata hivyo;
Mutheu atataka sikio.