Ufunguo wa Tatu

Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu,
na ufunguo wa tatu ulikuwa kwangu,
umening'inia shingoni kwa uzi wa katani
tangu mwaka ule wa njaa.
Naliweka wazi mapema: mimi ndiye niliyekataa.

Asekenye alikuja mkutanoni na spana mkononi,
grisi nyeusi imempanda mpaka viwikoni.
Akasema: Pampu saba, toka hapa hadi njia ya Katakwi,
zimekauka kama ng'ombe waliofia wima.
Kila moja ina kibao, rangi yake ingali inang'aa,
jina la aliyeitoa, tarehe ya uzinduzi.
Hakuna kibao kinachosema
nani atabadilisha raba ikichakaa.

Nyumba moja, shilingi elfu moja kwa mwezi.
Pampu ikifa leo, kesho kutwa itatema maji.
Hiyo ndiyo biashara yangu. Sikuja kuomba.
Nikopesheni laki sita, za mabomba na raba
na baiskeli yenye kibebeo cha chuma.

Benki ya Soroti ilimdai hati ya shamba.
Shamba ni la shemeji zake, ndugu wa marehemu.
Wageni wa mradi walimpa fulana,
cheti, na soda baridi,
wakampiga picha akicheka.

Nami nikasema: Fedha hii ni ya ada na mazishi.
Nikasema: Maji ni ya Mungu, nani ayalipie?
Nikasema, na hili laniwasha mpaka leo:
Mwanamke na spana, wapi mmeona?
Ikwap, karani wetu, akaliandika neno langu.
Limo daftarini. Wino wake haujafifia.

Usiku ule binti yangu Amulen
hakurudi na dumu hadi mwezi ukapanda.
Alikuwa kidimbwini, akingojea ng'ombe wamalize kunywa.
Sikumgombeza.
Nilichuja maji kwa kitenge kikuukuu,
nikahesabu viluwiluwi vilivyobaki juu yake,
kimoja kimoja, kama nihesabuvyo sarafu Jumanne.
Hesabu zangu zilikuwa sawa, miaka tisa.
Nilichokosea ni kitu cha kuhesabu.

Alfajiri nikaenda kwake, ufunguo kiganjani.
Hakuniuliza kitu. Akanipa uji wa wimbi.

Msije mkadhani mambo yalinyooka.
Kijiji kimoja kiligoma kulipa, pampu yao bado imekufa.
Rejesho la nne lilichelewa wiki tatu,
na mimi nilimfuata nikimdai, mbele ya wanawe.
Pale zahanati bomba lilikatikia shimoni;
akalala kifudifudi, sikio juu ya chuma,
akalisikiliza kama mkunga anayesikiliza tumbo,
kisha akasema: Vuta.
Tukavuta, wanawake kumi na mmoja na mwalimu mmoja,
mikono ikachunika,
maji yakaja mekundu, kisha ya maziwa, kisha maji.

Kibao cha mfadhili bado kipo, na sina ugomvi nacho.
Shimo lilichimbwa kwa hela zake.
Ila nyuma yake, upande usio na rangi,
pana namba ya simu ya Asekenye kwa mkaa.
Mvua huja ikaifuta.
Naiandika tena.