Safu Tupu

Kipande cha nyanya kimeandikwa Mwanatumu binti Yasini,
na Kuze nzima hakuna aliyewahi kumjua Yasini huyo.
Mamake, Bi Mwanamize, alisema tu: fundi wa maboya,
kovu la mnyororo kiganjani,
Mdenmaki.
Kisha akafungua kijaluba, akatia tambuu mdomoni,
na maneno yakaishia hapo.

Nikaanza kwa Wadenmaki.
Miezi tisa ya usiku, watoto wamelala, feni inalia,
napekua vitabu vya makanisa ya watu nisiowajua:
Jens mwana wa Peter, Peter mwana wa Jens.
Nikacheka peke yangu. Kumbe nao wana bin yao,
wameishona tu mwisho wa jina, kama pindo la leso.
Yasini hayumo.

Yumo kwenye daftari la bandari, Kilindini,
ukurasa ulioliwa na mchwa mpaka katikati:
Jes Lausen, maboya na minyororo.
Jes. Litamke wanavyolitamka wao, Yes,
halafu mpe karani wa Mvita aliandike.
Lakini mbele ya jina, kwa wino ule ule: Mjerumani.

Siku mbili nilimnunia Bi Mwanamize,
naye yuko Sarigoi tangu sijazaliwa.

Mpaka nilipoacha kusaka jina, nikasoma vita.
Elfu moja mia nane sitini na nne
mfalme wao alishindwa, mpaka ukavutwa kaskazini kama mkeka,
kijiji chake kikaamka upande wa pili:
ng'ombe wale wale, kisima kile kile, mhuri mwingine.
Mtoto aliyezaliwa pale miaka ishirini baadaye
alibembelezwa kwa Kidenmaki, akaandikwa kwa Kijerumani.

Mimi wa kunifunza hilo ni nani, na nimezaliwa hapa?
Nyanya alizaliwa raia wa Sultani wa Unguja,
kodi akatoa kwa Mwingereza,
akafa Mkenya,
na kitanda chake hakikutoka chumba kile cha uani.
Kilichohama ni wino.

Basi nikarudi Kuze na hesabu nyingine.
Bi Mwanamize hakuijua Agosti. Aliijua Ramadhani:
walimchukua alasiri, unga wa kaimati ungali vidoleni mwake,
na mtoto akaja mfungo nne.
Nikalaza kalenda ya mwezi juu ya kalenda ya vita.
Siku Mwingereza alipotangaza, watu walikuwa na saumu ya kumi na mbili.
Ikaingia kama ufunguo kwenye komeo lake.
Kila Mjerumani mjini alitafutwa siku hizo,
na yeye kati yao, akijitetea
kwa lugha ambayo fomu haikuwa na safu yake.
Meli. Bara Hindi. Kambi.
Kisha karatasi zinanyamaza.

Mwaka wa ishirini walipiga kura, mpaka ukarudi kusini.
Sasa najua pa kutazama, na nimemwona:
amezaliwa, amebatizwa,
na safu ya kufa ni tupu
kama sahani iliyowekewa mgeni.
Sikuijaza.

Mwisho wa barua, kwa aibu, nikamuuliza mtunza vitabu wa huko,
Bodil jina lake, neno letu la nyumbani.
Kwetu mtu akitoka husema moini.
Nyanya alisema, mama anasema,
sisi tulidhani ni Kihindi.
Akajibu kwa mistari miwili:
hilo ni neno la mpakani, husemwa pande zote mbili,
la kuagana na la kukaribishana ni hilo hilo.

Jana fundi wa umeme amemaliza kazi, amebeba ngazi yake,
na mama, jikoni, bila kuinua macho kwenye nazi anayokuna:
Moini.