Saa Nne na Robo

Wiki tatu nauandika daftarini:
masafa mafupi, mita arobaini na tisa.
Mkoromo. Kimya. Mkoromo.
Huenda meli. Huenda wanajeshi.
Waya wangu umetoka dirishani, hapa Makorora,
ukafungwa kwenye mpapai wa Bi Mwanakheri.

Jana umeme ukakatika mtaa mzima.
Redio yangu hula betri, ikaendelea;
mkoromo ukafa papo hapo.
Kumbe jasusi wangu
ni friji ya Shekiondo, muuza barafu!

Nikacheka gizani, kalamu mkononi.
Kisha, pale friji ilipokuwa imepakalia,
mwanamke, mbali,
sauti nyembamba kama uzi wa mkonge,
kama anayehesabu, kwa lugha nisiyoijua.
Maneno tisa. Akaanza upya.

Umeme ukarudi. Watoto wakashangilia.
Mimi peke yangu nikasonya.