Mshiriki wa Saba

Fomu ya ridhaa aliisoma mara mbili,
kidole kikifuata mistari kama mtu apapasaye ukuta gizani,
kisha akauliza, "Nikichoka, naruhusiwa kunyamaza?"
Unaruhusiwa, nikasema. Akatia sahihi.

Dundee, ghorofa ya tatu, mvua ikinyesha upande upande.
Miaka thelathini na minne aliendesha basi;
siku hizi simu yake huita Alhamisi tu,
na anayepiga ni kliniki.
Nilikuja na maswali kumi na mawili juu ya upweke,
yote ya wazi, yote yamepigwa msasa na kamati.

Jina la bandia mshiriki huchagua mwenyewe, ndio utaratibu.
Akatazama dirisha.
"Niite Lorne."

Swali la nne aliniletea chai.
Swali la tano alijibu la pili.
La sita lilibaki mezani likipoa.
Mwalimu wangu alinifunza: usimjazie mtu kimya chake,
kina sakafu, mwache aikanyage.
Nikabana magoti, nikahesabu moyoni.
Neno pole lilinijaa mdomoni;
Kiingereza hakinalo,
na hata kingekuwa nalo, pole huelekeza jibu.

Usiku nikanukuu. Kinasa sauti hakina upendeleo:
jokofu likinguruma, kijiko, hatua za jirani wa juu,
goti langu likigonga meza pale alipotaja Krismasi.
(Nami nilidhani nimetulia.)
Nikaandika: kimya, sekunde kumi na tisa.
Programu ikataka lebo.
Nikabandika hasara. Nikabandua. Nikabandika staha.
Nikaenda kulala.

Mlangoni, kinasa kimezimwa, viatu nimevaa,
alikuwa amesema jambo ambalo si data:
"Lorne ni mdogo wangu. Alizikwa na miaka tisa.
Sijasikia mtu akimwita tangu mama afe.
Wewe leo umemwita mara ngapi vile?"

Sikuwa nimehesabu. Nimehesabu sasa.
Katika tasnifu yumo mara mia mbili na kumi na nne:
Lorne alieleza, Lorne alicheka,
Lorne anapenda kukaa kiti cha mbele akipanda basi la wenzake.
Msimamizi ameandika pembeni, wino mwekundu:
jina linarudiwarudiwa mno, tumia "yeye".

Nimerekebisha koma zote alizoonyesha.
Na ukurasa wa tisini, penye "yeye" ya pekee,
nimeifuta.