Fomu ya Kombo

Ofisi yangu ni chumba cha nyuma, Shimanzi;
feni inasukuma joto kutoka kona hadi kona.
Likizo, bima, pensheni, rambirambi:
huniita Mama Mafao.
Wasema riziki haivutwi kwa kamba.
Mimi huivuta kwa fomu, nakala tatu.

Kombo wa winchi alijaza yake Ijumaa, adhana imeshalia,
nikamwambia fanya hima.
Penye mrithi akaandika neno moja: Riziki.
Penye uhusiano akaacha wazi.
Nami nikapiga muhuri.

Leo wamevuka wawili kutoka Mtongwe.
Bibi ni Riziki, mamake marehemu.
Mjukuu ni Riziki, kapewa jina la nyanyake,
meno ya mbele yamemtoka.

Kompyuta yataka nambari moja tu ya kitambulisho.
Bibi anacho, kakifunga kwenye pindo la leso,
na hakifungui.
"Mwanangu, alimkusudia nani?"

Nafungua droo, natoa fomu mpya,
kalamu nimeshaishika,
ndipo nakumbuka mwenye kutia sahihi
tumemzika Jumanne.

Karatasi naiacha mezani.
Mtoto ameigeuza,
anachora winchi.