Bei ya Kimya

Dukani kwa Hasmukh, hatua chache kutoka soko la Jubilee,
mashine mbili zimekaa rafu moja kama wake wenza.
Zote zinameza sidii tano,
zote zina jicho jekundu na mlango wa kioo.
Moja elfu kumi na saba.
Nyingine elfu hamsini na mbili, wala haioni haya.

"Bi Risper," ananiambia, "rahisi ghali."
"Na ghali je?" namuuliza. "Ghali si ghali?"
Anacheka, ananisogezea kiti.

Nimekuja na masikio yangu.
Miaka ishirini na sita nilikaa chini ya hakimu
nikichapa wezi wa ng'ombe, mipaka ya mashamba,
mjane na shemeji zake.
Neno likidondoka, nalidaka.
Lakini shahidi aliponyamaza,
akatazama viatu vyake, akameza mate,
vidole vyangu vilining'inia hewani vikingoja.
Kimya hakichapwi.
Hakina kitufe.

Hasmukh anatia sidii huku, anatia kule.
Gitaa ni lile lile, naapa,
hata nikifumba macho.
Tofauti iko katikati,
wimbo unapokwisha na sahani inapozunguka kutafuta santuri nyingine.
Ya bei ndogo hufanya krrr, krrr, tak.
Ya bei kubwa haifanyi kitu.
Unaona tu taa ikihama, moja, mbili,
kama mzazi anayetembea pekupeku asimwamshe mtoto.

Basi elfu thelathini na tano
ni bei ya kutosikia.

Nikaenda Kibuye kwa Ojwando,
fundi ambaye kibanda chake kina redio nyingi zilizokufa kuliko zinazoimba.
"Jicho ni moja, mama. Kiwanda kimoja.
Hii ina mkanda wa mpira, mwaka wa tatu utalegea.
Ninao hapa, shilingi mia.
Ile ina gia za chuma, na kitako kizito kama jiwe la kusagia.
Mfuko wako utakwambia nunua ya mpira."
"Na wewe?"
"Mimi," akapuliza vumbi, "mimi ninakula kwa hiyo mikanda."

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Tenki la maji, lile la lita elfu tatu.
Bati la jikoni, linalovuja juu ya jiko hasa, si pembeni.
Nikahesabu na sidii zangu. Nne.
Ya tano dada yangu Konsolata alihamia nayo Eldoret,
na nikimpigia simu anasema haijui.
Mashine ya matundu matano, sidii nne,
mwanamke mmoja.
Nikaandika elfu kumi na saba, nikapigia mstari.

Ikapiga saa kumi alfajiri,
nikiwa bado macho, nikaitambua ile sauti.
Krrr, krrr, tak.
Ni gari la taipureta likirudi mwanzo wa mstari.
Ni mimi, Jumatatu, kesi ya pili,
mgongo umepinda, chai imepoa,
na hakimu anasema, "Tuendelee."

Hapana.
Mimi nimestaafu.
Sinunui kitu cha kunirudisha mwanzo wa mstari.

Vijana wawili wakaileta Migosi kwa mkokoteni,
wakihema, wakiuliza kama ni sefu ya pesa.
Nikaifuta kwa kanga, nikaipanga, nikakaa.
Wimbo wa kwanza. Ile taa ikahama. Hakuna kitu.
Wa pili. Hakuna kitu; nikatabasamu peke yangu kama mwehu.
Wa tatu haukufika kati, stima ikapotea
mtaa mzima.

Jirani akasonya ukutani.
Kisha vyura, kutoka bondeni,
wengi, bila gia, bila mkanda.
Wakanyamaza nao.

Nikabaki gizani na kimya cha bure,
mkono juu ya kifuniko ambacho kilikuwa bado na joto,
na bahasha yangu ya hesabu pale mezani, sikuiona.