Poda ya Mtoto

Doa lilianza kama sarafu ya shilingi tano
chini ya Probox yangu, uani kwetu Umoja,
Jumatatu asubuhi, nimekumbatia sare za shule
arobaini na mbili, za kupelekwa Ruai.
Kufikia Ijumaa lilikuwa sahani.

Barongo, mlinzi wa ploti, akaja na ufagio:
"Mama Nduku, usipoziba ufa utajenga ukuta."
Sawa, Barongo. Ufa wenyewe uko wapi?

Fundi Otuoma alilala chini ya gari dakika mbili,
akainuka akijifuta mikono kwa gazeti.
"Sili ya nyuma. Lazima injini ishuke."
Akataja elfu thelathini na nane
kwa sauti ya mtu anayetoa pole matangani.

Lakini mimi pia ni fundi, wa cherehani.
Najua nguo ikikunjamana begani
kosa mara nyingi liko kwapani.

Basi Jumapili, ploti nzima ikiwa kanisani,
nikaivika altaneta mfuko wa plastiki,
nikaisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa.
Likatoka vumbi la Barabara ya Kangundo,
vumbi la miaka mitatu, limeshikamana na oili
hadi likawa kama ukoko wa ugali.
Nikasuuza. Nikaacha jua lifanye kazi yake.

Kisha nikaleta kopo la poda,
lile lililobaki tangu Nduku akiwa mchanga,
nikanyunyiza ubavu wote wa injini, juu hadi chini.
Nduku akacheka mpaka akaketi:
"Mama, unalipaka gari poda!"
Si limeoga?

Tukaenda polepole hadi Mutindwa, tukarudi.
Nikafungua boneti, Nduku akashika tochi,
na pale, juu ya weupe,
uzi mweusi.

Ulianzia kwenye ukingo wa kifuniko cha vali,
kona ya upande wa giaboksi, pasipoonekana
ila ukiinamisha shingo kama unayechungulia jirani.
Ukashuka nyuma ya bomba, ukapinda,
ukatambaa hadi kwenye boliti ya chini kabisa,
na hapo ndipo ulipochoka ukadondoka,
hapo hapo Otuoma alipoonyesha kwa kidole.
Alisoma mwisho wa hadithi akadhani ndio mwanzo.

Gasketi, Kirinyaga Road: mia nane.
Muuzaji akaniuliza mwenye gari yuko wapi.
Nikamtajia namba ya injini
kama mtu anayetaja namba ya kitambulisho chake.

Ile kuukuu ilitoka vipande vipande.
Ilikuwa mpira, ikawa biskuti.
Nikafuta mfereji wake kwa fulana iliyochakaa,
mara mbili, na mara ya tatu kwa kidole,
maana kidole hakidanganywi na chembe.
Silikoni kidogo konani tu. Ukizidisha gundi
ujue mkato wako ulikuwa mbaya.

Boliti huanza katikati, halafu mshazari,
kama unavyobana kola kwa pini.
Nduku akahesabu. Ya mwisho mkono ukataka kuongeza,
robo tu, kwa usalama.
Nikauweka spana chini.

Usiku nikalaza kadibodi chini ya gari,
ubavu wa boksi la nyuzi. Sikulala vizuri.
Alfajiri kulikuwa na tone moja.
Nikapiga magoti na kanga, nikaligusa, nikanusa:
maji. Barongo alikuwa amemwagilia sukuma wiki yake.

Doa la zamani bado lipo, halitoki hata kwa sabuni.

Alhamisi Otuoma akapita.
Akaitazama kadibodi kwa muda, hakusema kitu.
Halafu akavua ovaroli yake begani,
akaniambia zipu imekufa, nimwekee mpya.

Nikaipokea. Nikaigeuza ndani nje.
Zipu ilikuwa nzima.
Mshono ulikuwa umeachia, juu kidogo.